Cephu, Hobbes na vita vya Ituri

Mwaka 1651 Mwingereza Thomas Hobbes aliandika kwamba binadamu wakikosa mtawala wa kuwatia hofu, kila mmoja huwa adui wa mwenzake. Hapa Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri nchini Kongo, wengi huamini hivyo bila hata kumsoma, na ukiwauliza ushahidi watakutajia vita vya 1999 hadi 2003. Mimi naona ushahidi huo unasomwa vibaya.

Hobbes hakuwahi kuishi na watu wasio na mtawala. Colin Turnbull, mwanaanthropolojia, aliishi nao: mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa na Wambuti, wawindaji wa msituni, huko Epulu, Mambasa. Wambuti huunganisha nyavu za familia zote, kisha wanawake na watoto hufukuza wanyama waingie. Siku moja Mbuti mmoja aitwaye Cephu alitega wavu wake kwa siri mbele ya nyavu za wenzake, akanasa wanyama wa kwanza kukimbia. Jioni kambini hakuna kijana aliyempisha kiti. Akajitetea kwamba yeye ni mkubwa, chifu wa kundi lake. Akajibiwa kwamba Wambuti hawana machifu, basi aende akawe chifu kwingine. Akaomba radhi, nyama yake ikachukuliwa, hata iliyokuwa chunguni. Alilia. Usiku ndugu mmoja akampa chakula.

Polisi hakuwapo, wala hakimu. Hapo mwanafalsafa David Hume, aliyeandika 1739, anatufaa kuliko Hobbes: maadili huota kwenye hisia, na binadamu huumia akidharauliwa na wenzake. Mwaka 1999 mwanaanthropolojia Christopher Boehm alilinganisha jamii nyingi za wawindaji akaona jambo lilelile: anayejikweza huchekwa, husemwa, na mwisho hutengwa.

Sasa turudi mjini. Ituri haikupigana kwa kukosa wakubwa. UPC, kundi lenye silaha lililoiteka Bunia Agosti 2002, lilikuwa na rais wake, Thomas Lubanga, na makamanda. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimtia Lubanga hatiani kwa kuandikisha na kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Watoto wale walikuwa na mtawala wa kuwatisha, tena karibu mno.

Hume alionya pia kwamba huruma yetu ni kali kwa wa karibu na hufifia kwa wa mbali. Aibu iliyomrudisha Cephu kundini ndiyo hiyo hiyo inayomfanya kijana aogope kuitwa mwoga na watu wa kabila lake. Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, dawa ya Hobbes kabisa, na mauaji katika eneo la Djugu hayakukoma. Hume alitaka tendo lipimwe kwa jicho ambalo hata asiye wa kwetu angelikubali. Jicho hilo hatuzaliwi nalo. Hufundishwa, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa bunduki.