Mtoto Anayetembea kwa Ncha za Vidole

 

Mtoto amemaliza kusimama dede, sasa anatembea, na nyumba nzima inafurahi. Lakini mnaona kisigino hakigusi chini. Anakwenda kama mtu anayenyata, au anayechuchumia sukari iliyo juu ya kabati. Jirani anasema ni madaha. Nyanya anasema hata babake alikuwa hivyo. Nani asadikiwe?

Kwanza, usishtuke. Watoto wengi hutembea hivyo wanapojifunza, kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Leo anakanyaga vidole, kesho anakanyaga wayo wote. Wengi huacha wenyewe wakifika miaka 2, wengine hukawia hadi 3. Nyanya naye huenda amesema kweli, kwa maana jambo hili huonekana katika familia fulani, na mtoto hana ugonjwa wowote.

Jaribu hivi nyumbani. Mtoto akiwa miguu mitupu, mwambie asimame wima, kisha achuchumae aokote kitu. (Kuchuchumaa, si kuchuchumia. Maneno hayo yanafanana, lakini visigino hufanya kinyume.) Kama visigino vinafika chini bila taabu, misuli yake bado ni laini na huenda anafanya hivyo kwa mazoea. Kama havifiki hata ukimsaidia, basi msuli wa shavu la mguu na ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino vimekaza au kufupika. Hapo kumkemea au kumchapa hakusaidii. Ni kumwonea.

Kuna mambo ambayo hayangoji miaka 3. Akichuchumia mguu mmoja tu, mpeleke kliniki mapema, kwani huenda nyonga imetoka mahali pake, mguu mmoja ni mfupi, au upande mmoja wa mwili una udhaifu. Akiwa na miguu migumu inayopishana kama makasi, hasa kama alizaliwa kabla ya siku zake au alikawia kulia alipozaliwa, huenda ni mtindio wa ubongo. Akiwa haitiki akiitwa jina na maneno yamechelewa, mweleze daktari hayo pia, ingawa kutembea kwa vidole peke yake hakumaanishi usonji.

La kuangaliwa zaidi ni mtoto aliyekuwa akikanyaga vizuri, kisha akabadilika. Hasa mvulana wa miaka 3 hadi 5 anayeanguka mara kwa mara, anayeshindwa kupanda ngazi, na ambaye akiinuka kutoka chini hujishika magoti na mapaja kana kwamba anajipanda mwenyewe. Mashavu ya miguu yake huwa manene, na watu humsifu kwamba ana nguvu. Huo waweza kuwa ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, na uchunguzi wake huanza na kipimo cha damu. Huyu asiambiwe "atakua aache."

Kliniki utaulizwa habari za uzazi, mtoto alikaa na kutembea lini, na nani mwingine katika familia alitembea hivyo. Daktari atamtazama akitembea na kukimbia, atakunja kifundo cha mguu goti likiwa limenyooka, na ataangalia mgongo. Si lazima picha ya eksirei.

Ikiwa ni mazoea tu, kazi kubwa ni ya nyumbani. Mlaze chali, nyoosha goti, shika kisigino kwa kiganja, kisha sukuma wayo kuelekea juu polepole mpaka uhisi umekaza, lakini asiumie. Hesabu hadi 30, uachilie. Rudia mara kadhaa, asubuhi na jioni, baada ya kumwogesha. Mchezeshe mchezo wa kutembea kwa visigino, na wa kupanda mlima. Lile gari la magurudumu la kufundishia mtoto kutembea liweke kando, kwa sababu humzoesha kujisukuma kwa vidole. Kukanda kwa mafuta hakudhuru, mradi usitumie nguvu, lakini hakurefushi mshipa uliofupika.

Usipolegea, mtaalamu wa viungo humfunga plasta, ikibadilishwa kila wiki moja au mbili, kila mara wayo ukiinuliwa kidogo zaidi. Baadaye huenda akavalishwa kifaa cha kushikilia mguu. Upasuaji wa kurefusha mshipa huja mwisho, na kwa kawaida hungoja mtoto awe mkubwa kidogo. Hospitali ya CURE kule Kijabe imekuwa ikitibu viungo vya watoto tangu mwaka wa 1998. Lakini anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya kupelekwa kwa mtaalamu wa viungo.

Siku ya kwenda, beba kitabu chake cha kliniki, na viatu anavyovaa kila siku. Soli ikiwa imelika mbele tu na kisigino bado kipya, daktari ataona hata kabla mtoto hajapiga hatua.