Penye Haja ya Kutua: Hisabati ya Vituo vya Shehena katika Ushoroba wa Kati

Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliotoka pwani kwenda bara katika karne ya kumi na tisa hawakuwa na ramani zilizopimwa wala daftari za takwimu, hata hivyo, walipochagua mahali pa kuweka maghala yao makuu, walichagua kwa usahihi ambao mtaalamu wa leo mwenye kompyuta na picha za setilaiti hana budi kuustaajabia. Mahali hapo palikuwa Unyanyembe, penye mji tuuitao Tabora. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo, kila mpagazi na mzigo wake wa takriban frasila mbili begani, ilifika hapo baada ya kuivuka Ugogo, nchi kame iliyodai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila hatua. Na kutoka hapo njia zilipasuka, moja ikielekea magharibi hadi Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine zikishuka kusini. Hapo wapagazi walilipwa wakaagana, wapya wakaajiriwa miongoni mwa Wanyamwezi wenyeji, shehena ikagawanywa kwa kadiri ya safari iliyobaki, na pembe za ndovu zilizotoka mbali zikangoja msafara wa kuteremka pwani. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika huko mwezi wa Novemba 1857 waliukuta mji wa maghala uliokwisha kujipanga wenyewe, kabla serikali yoyote ya kigeni haijafikiria kuweka bendera.

Swali ambalo wazee wale walilijibu kwa tajriba ndilo linalowakabili leo wapangaji wa Ushoroba wa Kati, njia kuu ya biashara itokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo: ikiwa kuna fedha za kujenga kituo kimoja au viwili vya shehena, chenye uwanja wa makontena, maghala, ofisi ya forodha na mashine za kunyanyulia mizigo, kijengwe wapi? Mwenye haraka atatazama ramani na kuonyesha katikati. Hisabati, ambayo imelitafuta jawabu hili kwa zaidi ya miaka mia tatu, inasema kwamba katikati ya ramani aghalabu si mahali pake.

Fumbo lenyewe liliulizwa kwanza kama mchezo wa jometri. Katika karne ya kumi na saba Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliuliza: zikiwapo nukta tatu, ni wapi pa kuiweka ya nne ili jumla ya masafa yake hadi zile tatu iwe ndogo kuliko zote? Evangelista Torricelli wa Italia akalijibu. Mwaka 1909 mwanauchumi wa Ujerumani, Alfred Weber, aliligeuza fumbo hilo kuwa jambo la biashara kwa kuipa kila nukta uzito wake: hapa pana makaa, pale pana chuma, kule pana soko, kiwanda kikae wapi?

Jawabu laweza kuonekana kwa macho katika chombo rahisi kinachoitwa kwa jina la mwanahisabati Pierre Varignon. Chukua meza, utoboe tundu kila mahali penye mji, upitishe uzi katika kila tundu, na ncha zote za juu uzifunge pamoja katika fundo moja. Chini ya meza ning'iniza katika kila uzi jiwe lenye uzito unaolingana na shehena ya mji ule, kisha liachie fundo. Litayumba kidogo, litavutwa huku na huku, halafu litatulia. Na pale litakapotulia ndipo penye gharama ndogo kabisa ya uchukuzi, kwa kuwa mawe yote yakijumlishwa yameshuka chini kadiri yalivyoweza, na kushuka kwao ni sawa na kufupika kwa nyuzi zilizo juu ya meza. Ukiongeza jiwe moja hata likawa zito kupita mengine yote kwa pamoja, fundo halitulii tena katikati, bali huburutwa hadi kwenye tundu la jiwe lile. Maana yake ni wazi: mji mmoja ukiwa na shehena kupita miji mingine yote ikijumlishwa, basi kituo na kijengwe humo humo, hata kama mji wenyewe uko pembeni kabisa mwa nchi.

Lakini meza ya Varignon yadhani kwamba mzigo waweza kukata pori na mlima moja kwa moja, ilhali lori haliendi ila penye barabara. Ushoroba ni mstari wenye miji iliyopangika mmoja baada ya mwingine, na mstari una kanuni yake. Natutunge mfano. Kampuni ya malori yataka kituo kimoja cha mafundi, ambako gari la matengenezo litatumwa kila lori linapoharibika. Kwa mwezi gari hilo laitwa mara 30 Morogoro, mara 25 Dodoma, mara 10 Singida na mara 35 Kahama; na masafa ya miji hiyo kutoka Dar es Salaam, tukiyafanya namba nzima ili hesabu iwe nyepesi, ni kilomita 200, 450, 700 na 1,000. Mhasibu akitafuta wastani wa masafa kwa kuzingatia idadi ya safari, atapata karibu kilomita 590, mahali fulani jirani na Manyoni, na atadhani amemaliza kazi.

Hajamaliza. Weka kituo Dodoma, kisha kisogeze kilomita moja tu kuelekea magharibi. Safari 35 za Kahama na 10 za Singida, yaani 45, zimepungua kilomita moja kila moja; lakini safari 30 za Morogoro na 25 za Dodoma, yaani 55, zimerefuka kilomita moja. Hasara ni kilomita kumi. Sogeza tena, hasara ni kumi nyingine. Na ukifika kwenye ule wastani wa mhasibu, kilomita 140 mbele ya Dodoma, umekwisha kupoteza kilomita 1,400 kwa mwezi katika kwenda peke yake. Kwa hiyo penye haki ya kituo ni mahali ambapo safari zisizozidi nusu ziko upande huu na zisizozidi nusu ziko upande ule. Na urefu wa safari ya mbali kuliko zote hauna neno katika hukumu hiyo. Hata Kahama ingehamishwa mpaka mwisho wa dunia, maadamu idadi ya safari ni ile ile, kituo kingebaki Dodoma.

Mwaka 1964 mtafiti S. L. Hakimi aliyapanua haya kutoka mstari mmoja hadi mtandao mzima wa njia. Alithibitisha kwamba, ikiwa mahitaji yote yako kwenye miji na njia panda, basi daima lipo jawabu bora kabisa lililoko kwenye mji au kwenye njia panda, na hakuna haja ya kutafuta katikati ya barabara tupu baina ya mji na mji. Tabora ilikuwa njia panda. Wenye misafara walikuwa wameitii kanuni hiyo zaidi ya miaka mia moja kabla haijaandikwa.

Kufikia hapa tumehesabu kazi inayoanzia kituoni. Shehena ya ushoroba haianzii kituoni. Inaanzia bandarini, na jambo hilo laipindua hesabu yote. Kontena linalokwenda Kigali litapita kilomita zile zile, kituo kiwe Morogoro au Singida, maana vyote viko njiani. Na ikiwa limebebwa na lori lile lile kwa nauli ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, basi kulitua popote katikati ni kuongeza gharama ya kushusha na kupakia bila kupunguza hata senti moja ya mwendo. Kutua kuna faida pale tu ambapo kuna kitu kinachobadilika: chombo kinachobeba, nauli ya kilomita, ukubwa wa mzigo, au sheria inayoutawala. Huu ndio ufunguo wa mambo yote, na vituo vya Afrika Mashariki, vilivyofaulu na visivyofaulu, vyaweza kusomwa kwa huo.

Tutazame Isaka, penye bandari kavu, yaani kituo cha shehena kilicho bara. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Na mwaka 1928 tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza. Isaka ni stesheni katika tawi hilo, na pasingekuwa na sababu ya kulitaja jina lake kama si barabara ya Rwanda na Burundi inayokutana na reli mahali hapo. Behewa likiingia, afisa wa forodha hulinganisha namba ya lakiri na ile iliyoandikwa katika karatasi. Mashine hulinyanyua kontena, hulikalisha juu ya tela la lori, pembe zake nne hufungwa kwa makomeo, na dereva akitia sahihi mzigo umekwisha kubadili mwenye kuuangalia. Shughuli hiyo ina bei. Tuseme, kwa kukisia, ni dola 150 kwa kontena, na tuseme kila kilomita ya reli inaokoa senti 50 juu ya nauli ya lori: basi reli haianzi kuleta faida mpaka kilomita 300 zipite. Kutoka Dar es Salaam hadi Isaka ni zaidi ya kilomita 900. Kwa hesabu hiyo bandari kavu ya Isaka iliwekwa mahali pake hasa, pale ambapo reli imekwisha kulipa deni lake na ambapo ikiendelea kaskazini itaiacha njia ya Kigali.

Lakini ufunguo ule ule hufunga kama ufunguavyo. Reli ilipozorota, mabehewa yakawa haba na siku za kungoja zikawa nyingi, ule unafuu wa nauli uliyeyuka. Na kwa kuwa lami ilikwisha kutandazwa hadi Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda, wenye mali waliona afadhali lori moja lichukue mzigo kutoka bandarini hadi mlangoni. Malori yakapita na Isaka ikatazama. Hapakuwa na kosa katika mahali. Kilichoondoka ni sababu ya kutua. Reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ambayo abiria walianza kuipanda baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imekusudiwa kuirudisha sababu hiyo, na thamani ya Isaka itafuata mwendo wa mataruma yake.

Kenya ina mafunzo yake. Nairobi ilizaliwa mwaka 1899 kama bohari ya reli, kwa kuwa ndipo palipokuwa uwanda wa mwisho wenye maji kabla ya njia kuanza kuupanda na kuushuka ukuta wa Bonde la Ufa; wahandisi walihitaji mahali pa kukusanya vyuma na injini kabla ya kazi ngumu, na mji mkuu ukaota juu ya haja hiyo. Kituo cha Naivasha nacho kimetokana na reli, ila kwa namna nyingine: reli mpya iliyotoka Mombasa ilifika huko mwaka 2019 ikaishia hapo, na mzigo wa Uganda ukabidi uhamie lori au reli ya zamani yenye upana wa mita moja. Chombo kimebadilika, kwa hiyo kutua ni lazima. Hata hivyo badiliko hilo limeletwa na upungufu wa fedha wala si na umbile la nchi, na siku reli itakaposonga mbele hadi mpakani, Naivasha itahitaji kuwa na viwanda na soko lake ili iendelee kuwa na hoja.

Kwala, bandari kavu iliyoko mkoani Pwani nchini Tanzania, yaonekana kuikana hesabu yetu, kwani iko karibu mno na Dar es Salaam hata unafuu wa reli usitoshe kulipia kushusha na kupakia. Kinachobadilika hapo ni ardhi. Bandari ya Dar es Salaam imezungukwa na mji; kila kontena linalolala gatini linaziba nafasi ya kontena la meli inayongoja nje, na meli inayongoja hulipiwa kila siku. Kuuhamishia mzigo Kwala ni kununua nafasi gatini kwa nauli ndogo ya reli, na faida yake hupimwa kwa siku za meli, haipimwi kwa kilomita. Mwenye kuihukumu Kwala kwa mizani ya Isaka atakosea, kama atakavyokosea mwenye kuihukumu Isaka kwa mizani ya Kwala.

Yapo mengine yanayopimwa, yaani maji, umeme, udongo usiotitia chini ya mashine nzito, ekari za kupanuka, usalama na makazi ya wafanyakazi. Na wataalamu wana njia za kuyapa kila moja uzito na kuyalinganisha mawili mawili. Lakini hayo huchagua kiwanja baada ya mji kujulikana. Hayawezi kuumba sababu ya kutua mahali ambapo haipo.

Tena hisabati hii, kwa ukamilifu wake wote, hutafuta jumla ndogo kuliko zote, wala haiulizi nani amepata na nani amekosa. Mwaka 2019 Kenya ilipoamuru makontena ya bara yapelekwe kwa reli kusafishwa forodha Nairobi, watu wa Mombasa waliandamana, maana wenye malori, maghala na vibanda vya chakula waliona riziki yao ikipanda treni. Malalamiko yao hayakuwa ujinga wa hesabu. Walikuwa wakitaja safu ambayo hesabu haikuwa nayo. Serikali ina haki ya kuongeza safu hiyo, na kuchagua kwa ajili ya ajira, siasa au ulinzi mahali pasipo nafuu kuliko pote. Linaloipasa ni kutangaza kwanza tofauti ya gharama baina ya mahali palipochaguliwa na mahali palipo bora, kwa kila tani na kwa kila mwaka, ili mnunuzi wa saruji Kigali na muuza kahawa wa Burundi, ambao ndio watakaoilipa, wajue wanalipia nini.