La Saba ya Mzazi, Kidato cha Kwanza cha Mtoto

Mtoto wa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na mtoto wa mama lishe wa Mwembesongo wanaishi mji mmoja, Morogoro, chini ya milima ileile ya Uluguru, na wakifika kidato cha nne wanafungua karatasi moja ya Baraza la Mitihani. Matokeo yakitoka, aghalabu wanapishana mbali. Wengi husema ni hela. Ni kweli, lakini ipo sababu nyingine isiyotajwa sana: mzazi mwenyewe aliishia wapi shuleni.

Mpaka darasa la saba pengo hilo linavumilika. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na aliyeishia la saba anaweza kumsikiliza mwanawe akisoma, hata kumsahihisha hesabu za kugawanya. Kidato cha kwanza kibao kinageuka, kwani masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mama akifungua daftari la Baiolojia anakuta kurasa zimejaa maandishi yaliyonakiliwa ubaoni. Anachoweza kusoma ni vema na kosa za wino mwekundu, basi.

“Umeelewa?”

“Nimeelewa, mama.”

Mazungumzo yameisha. Mzazi aliyefika chuo angeuliza swali la pili.

Tafiti za Uwezo, zilizopita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, zilionyesha kuwa watoto ambao mama zao wamesoma hufanya vizuri zaidi katika kusoma na kuhesabu. Hata hivyo, hilo si andiko la Mungu. Ripoti ya James Coleman nchini Marekani, mwaka 1966, ilidai nyumbani kuna uzito zaidi kuliko shule. Miaka 10 baadaye Stephen Heyneman alichapisha utafiti wake wa darasa la saba Uganda, akakuta hali ya nyumbani ilihusiana kidogo mno na ufaulu. Shule ndiyo iliyokuwa na nguvu.

Tanzania iliuona upande wa pili wa jambo hilo. Shule za kata zilizofunguliwa kwa wingi katika miaka ya 2000 zilipokea vijana wengi waliokuwa wa kwanza katika familia zao kuvuka la saba, huku nyingi zikiwa hazina maabara wala walimu wa kutosha wa sayansi. Nyumbani hakuna wa kumwuliza, shuleni vilevile. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Vijana walilaumiwa kwa uvivu; lawama rahisi hiyo.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia 2016, ila kufutwa kwake hakumpi mzazi Kiingereza.

Kwa Morogoro pana nyongeza. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba tangu zamani ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Dodoso linalouliza elimu ya baba na mama tu linamwacha nje mjomba mwalimu, pamoja na dada aliyemaliza kidato cha nne ambaye ndiye anayemwelekeza mdogo wake aljebra.