Land Rover kuukuu, injini mpya: asili imekaa wapi?

Wapenzi wa magari ya kale wamegawanyika katika makundi mawili ambayo hayapikiki chungu kimoja. Kundi la kwanza hushikilia kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwa hivyo gari lililoundwa mwaka wa 1965 likitiwa injini ya mwaka wa 1995 huwa limeuawa, hata kama linakwenda. Kundi la pili huamini kuwa kipya kinyemi, likasahau kipande cha mwisho cha methali hiyo: ingawa kidonda. Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yanatazama mahali pasipofaa. Yanatazama injini, ilhali kazi yenyewe, na hatari yenyewe, imo katika vile viungo vinavyoifunga injini hiyo na gari.

Nitashika mfano mmoja, nao ni Land Rover ya aina ya Series, kwa kuwa Mkenya hahitaji kuelezwa ni gari gani. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu kwa sababu feleji ilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndiyo maana hadi leo tunakuta bodi nzima imekalia chasisi iliyoliwa na kutu. Iliwabeba polisi, maafisa wa utawala, wamishonari na madaktari wa mifugo. Nyingine ziliunganishwa papa hapa nchini, katika kiwanda cha Leyland mjini Thika. Series III, ambayo ndiyo ya mwisho katika ukoo huo, iliundwa kuanzia 1971 hadi 1985.

Yeyote aliyepata kuiendesha ikiwa imesheheni, akipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu huku malori yakimpigia honi, hatauliza kwa nini mtu atamani injini nyingine. Ile ya dizeli ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu. Ya petroli, 70 hivi. Injini iitwayo 200Tdi, ambayo kampuni hiyo hiyo iliileta sokoni mwaka wa 1989, ina lita 2.5 na nguvu za farasi zaidi ya 100. Wengine hawangoji ya Mwingereza. Huenda barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi wakanunua injini ya dizeli ya Kijapani iliyokwisha kutumika, maadamu vipuri vyake vinapatikana hata Lodwar. Na kabla ya wahafidhina kuwatupia mawe, wakumbuke kwamba katika miaka ya 1980 Land Rover zilizoundwa Australia zilitiwa injini ya Isuzu ya lita 3.9 kiwandani mwenyewe. Aliyezaa mtoto ndiye aliyembadilisha moyo.

Sasa tuingie gereji. Injini ikisha kung'olewa, fundi hubaki na giaboksi ambayo uso wake umetobolewa mashimo ya bolti kulingana na injini iliyotoka. Injini ya 200Tdi ina bahati, kwa kuwa ni mjukuu wa ile ya zamani, na inaweza kufungwa kwenye giaboksi ya Series bila kuchongewa kitu cha kati. Hata hivyo, undugu hauondoi matata yote. Ile iliyotoka katika Discovery ina turbo iliyokaa chini ubavuni, nayo hugongana na chasisi ya Series, kwa hivyo fundi hana budi kuihamisha. Injini ya Kijapani haina hata undugu huo. Sharti lichongwe bamba nene la chuma lenye mashimo ya namna mbili, haya ya kupokea injini na yale ya kupokea giaboksi. Bamba hilo, ambalo mwenye gari hatalitia machoni tena, ndilo linaloamua iwapo kazi nzima itadumu. Shafti ya giaboksi inapoingia kwenye injini ni lazima ilale katika mstari mmoja na kranki shafti. Ikipotoka hata kwa sehemu ndogo ya milimita, klachi itashika kwa kurukaruka, beringi italia, na baada ya miezi michache injini isiyokuwa na hatia italaumiwa.

Mwanaisimu hawezi kulitazama bamba hilo asiikumbuke lugha yake. Waingereza walikuja na neno la kile kikingio cha matope kilicho juu ya gurudumu. Waswahili walilipokea kuwa madigadi, wakaisikia silabi ya mwanzo kana kwamba ni kiambishi cha wingi, kisha wakajichongea umoja: digadi. Vivyo hivyo kibao cha kumwamrisha dereva ashike kushoto penye mzunguko wa barabara kikatuzalia kipilefti, na wingi wake vipilefti. Nguvu imetoka nje. Ngeli ni zetu. Sijapata kumsikia mwalimu akidai kuwa Kiswahili kilikufa siku ile mtu alipotamka kwa mara ya kwanza "digadi limepondeka". Kingalidhoofika lau maneno hayo yangaliachwa yaning'inie katika sentensi bila upatanisho, kama injini iliyofungwa kwa waya.

Tukirudi barabarani, mwalimu wa hisabati anaweza kupata hapa swali zuri la mtihani. Gurudumu la Land Rover ndefu, lenye tairi ya 7.50-16, husafiri takribani mita 2.5 kila linapozunguka mara moja. Katika gia ya nne, giaboksi kubwa haipunguzi kitu. Giaboksi ndogo iliyo nyuma yake hupunguza mwendo kwa 1.148, na difu kwa 4.7. Zidisha, utapata kwamba injini huzunguka karibu mara 5.4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 600 kwa dakika, na injini mara 3,240. Sasa, 200Tdi huvuta kwa nguvu zake kamili ikiwa kwenye mizunguko 1,800 hivi. Kwa hiyo mtu aliyemaliza akiba yake kununua injini, akaiacha difu ya zamani mahali pake, amenunua makelele. Akitia difu ya 3.54, mizunguko hushuka hadi 2,440, na abiria wataweza kuzungumza bila kupayuka. Ajabu ni kwamba difu haimvutii mtu yeyote. Sijaona mwenye gari akifungua boneti ili wageni waistaajabie difu.

Pana wanaochagua njia nyingine, wakaitoa giaboksi ya gia nne na kutia ya gia tano iliyoletwa na Land Rover za miaka ya 1980. Hapo ndipo mnyororo wa mambo unapojifungua. Giaboksi hiyo ina urefu tofauti, hivyo lile pande la chasisi linaloishikilia huhamishwa, na shafti za kupeleka nguvu mbele na nyuma hukatwa na kupimwa upya. Isitoshe, giaboksi ndogo inayoandamana nayo huvuta magurudumu yote manne daima. Ekseli ya mbele ya Series haikuundwa kwa shughuli hiyo. Viungo vyake ni vya msalaba, ambavyo gari linapokata kona haviwezi kulizungusha gurudumu kwa kasi iliyo sawa. Zamani haikudhuru, kwa kuwa kwenye lami magurudumu ya mbele hayakuvutwa na injini. Yakivutwa wakati wote, usukani hutetema mikononi kila penye kona. Dawa ni kubadilisha na ekseli ya mbele pia, ama kuirekebisha giaboksi ndogo ili magurudumu ya mbele yafunguliwe yasivutwe. Kazi iliyoanzia chini ya boneti imefika magurudumuni, na fundi anayemwahidi mteja kuwa ataimaliza kwa siku tatu anasema uongo.

Kuhusu breki nitasema kwa ukali zaidi. Land Rover hizi zilitoka kiwandani na breki za drami katika magurudumu yote manne, zikakadiriwa kwa gari ambalo kilomita 100 kwa saa kwake ilikuwa sherehe. Mwanafunzi wa fizikia anajua kuwa nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari lililokuwa likienda kilomita 80 likiwezeshwa kwenda 120, breki zake zitatakiwa kuimeza nishati mara 2.25 ya ile ya awali, kwa drami zile zile na pedali ile ile. Tena injini ya petroli hutoa ombwe linaloweza kumsaidia dereva kukanyaga breki, lakini ya dizeli hailitoi mpaka iwe na pampu yake ya ombwe. Fundi asiyekumbuka kuiunganisha anamkabidhi mteja wake pedali ngumu kama jiwe la kusagia. Ningekuwa na mamlaka, ningeamuru breki zitengenezwe na kukaguliwa kabla ya injini mpya kushuka kutoka kwenye mnyororo.

Je, baada ya yote hayo, gari ni lile lile? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulihesabu kuwa la kihistoria gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi ambalo limehifadhiwa katika hali inayolingana na historia yake, na kwa kipimo hicho Land Rover yetu huenda ikafungiwa mlango. Sioni ubaya wowote. Zilizobaki za mwaka wa 1948 ziachwe kama zilivyo, maana hizo ni nyaraka. Lakini mamlaka ya usajili ya Uingereza, ambako gari hili lilizaliwa, kwa miaka mingi ilitumia kipimo kingine: gari lililobadilishwa lilihitaji kupata angalau alama 8 kati ya 14 ili libaki na nambari yake. Chasisi ilikuwa na alama 5, giaboksi 2, na injini alama 1 tu. Asiyekata chasisi, akaihifadhi injini ya zamani ikiwa imepakwa mafuta pembeni mwa gereji, hajamfungia mjukuu wake njia ya kurudi.

Na hapa kwetu, stakabadhi ya usajili huandikwa nambari ya chasisi na nambari ya injini pia. Injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo yanapaswa kufikishwa kwa Mamlaka ya Usalama na Uchukuzi Nchini (NTSA) ili yaandikwe. Wengi huahirisha hadi siku ya kuuza gari, na siku hiyo aliyewauzia injini hajulikani aliko wala risiti yake haionekani. Basi gari zuri, lililoungwa kwa ustadi na kulipiwa kwa jasho, hulala uani likingojea karatasi, na mnunuzi aliyekuja na fedha taslimu ameshapanda matatu akaenda zake.