Ofisi ya Mama Huanza na Sikio

Mama anayeamua kufanyia kazi nyumbani, tuseme anatunza hesabu za maduka kwa kompyuta jijini Dar es Salaam, mara nyingi huanza na meza. Atapita kwa maseremala wa Keko kuulizia bei, kisha atatafuta kona yenye soketi karibu. Meza haina tabu. Kinachomtoa jasho tangu wiki ya kwanza ni sauti, na hapo sayansi ina mengi ya kumwambia.

Mwaka 2017 jarida la kisayansi la PNAS la Marekani lilichapisha utafiti uliofuatilia akina mama 684 katika nchi 11, Kenya ikiwemo. Mtoto alipolia, wengi wao walifanya jambo lilelile: kumwinua, kumkumbatia na kumsemesha. Picha za ubongo zilizopigwa katika utafiti huohuo zilionyesha kwamba kilio huamsha sehemu zinazoandaa mwili kusogea na kinywa kusema. Kwa maneno mengine, wakati mama bado anajiuliza kama dada wa kazi amesikia, ubongo wake umeshaanza safari ya kwenda chumba cha pili. Kumwambia mama huyo ajizoeze kutosikia ni ushauri wa mtu asiyelea.

Kilio basi tukubali. Adui mwenye hila zaidi ni maneno ya kawaida: katuni kwenye televisheni, redio ya jirani, watoto wakibishana nani aanze. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, Colle na Welsh, waliwapa watu kazi ya kukumbuka herufi kwa mpangilio huku wakisikilizishwa mtu anayesoma kwa Kijerumani, lugha wasiyoijua. Walikosea zaidi kuliko palipokuwa kimya. Majaribio yaliyofuata yaliongeza mambo mawili. Kwanza, kinachovuruga ni sauti inayobadilikabadilika. Mvumo wa feni, ambao haubadiliki, hauna madhara makubwa. Pili, kupunguza sauti kidogo hakusaidii sana: maadamu maneno yanasikika, kumbukumbu inayumba vilevile. Kwa hiyo ile amri ya kila nyumba, “punguzeni hiyo TV”, haimwokoi mama anayejumlisha tarakimu. Izimwe, au ihamie mbali.

Kufunga mlango je? Chukua mlango wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80, ulioacha mwanya wa sentimita 2 sakafuni. Mwanya huo ni asilimia 1 tu ya eneo la mlango. Lakini hata ubao wenyewe ungekuwa wa chuma kinene, asilimia 1 ya nishati ya sauti itapita hapo chini bila kuzuiwa, na mlango wote hautapunguza zaidi ya desibeli 20. Kwa sikio, hiyo ni kama kusikia robo ya ukubwa wa sauti ya awali. Maneno bado yatashikika. Khanga kuukuu iliyokunjwa ikasukumwa chini ya mlango hufanya kazi zaidi kuliko mlango mpya wa mninga, na fedha inabaki mfukoni.

Tatizo ni kwamba nyumba zetu zimejengwa zipitishe hewa. Juu ya milango kuna matundu, madirisha yana nyavu, na panapopita upepo sauti nayo hupita. Ukiziba kila kitu mwezi Februari utapata ukimya wa tanuri. Feni nayo haitakuokoa, maana haipoozi hewa ya chumba. Inaharakisha tu jasho kukauka kwenye ngozi. Badala ya kupigana na matundu, afadhali kuhamisha kazi: chagua chumba kilicho mbali kabisa na sebule, hata kama ni kidogo, hata kama ndicho chenye kabati la nguo. Hasa hicho. Vigae na kuta tupu za plasta hurudisha sauti, ilhali nguo, godoro na mapazia mazito huinyonya. Sauti ya mama kwenye simu ya mteja itatoka safi zaidi chumbani kuliko kwenye sebule iliyopambwa.

Kuhusu jua, angalia dirisha limeelekea wapi. Dar iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa juu sana mwaka mzima na paa lililojitokeza vizuri hulizuia lisiingie madirisha ya kaskazini na kusini. Dirisha la magharibi halina kinga hiyo: jua la jioni huingia likiwa chini na kupiga moja kwa moja. Kompyuta ikae ubavuni mwa dirisha, mwanga usitoke nyuma ya kioo chake wala nyuma ya kichwa chako.

Halafu kuna kukatizwa kwenyewe, ambako hakuna khanga itakayokuzuia. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi kabla haijaisha, sehemu ya mawazo hubaki kwenye kazi hiyo na kumpunguzia uwezo katika ile anayoianza. Baadaye, yeye na Theresa Glomb walipata kwamba kuandika kwa kifupi ulipofikia na utakachofanya ukirudi hupunguza mabaki hayo. Ushauri mzuri, isipokuwa mtoto wa miaka miwili hasubiri umalize sentensi. Nadhani marekebisho yanayofaa ni kuandika mapema: kila unapomaliza hesabu ya duka moja, kabla ya kugusa ya pili, weka mstari mmoja kwenye daftari, “Risiti za Machi tayari, bado mafuta.” Mlango ukigongwa, mstari uko pale tayari.