Vanishi Huchelewesha, Haizuii

Msomaji wetu wa Tanga anajenga. Ameagiza mbao za msaji za dari, zile zinazotoka kiwandani zimekwisha kupigwa randa, msasa na vanishi, upande mmoja una ulimi na wa pili mfereji, kazi ya fundi ni kuchomeka na kupigilia tu. Mzigo umefika, fundi kagoma kuugusa. Anataka mbao zifunguliwe na zilale humo humo chumbani wiki nzima. “Kama zimeshapakwa,” anauliza msomaji, “zinasubiri nini tena?”

Zinasubiri hewa ya Tanga, na fundi wako ana haki.

Nitaruka habari za aina za mbao, ipi nyekundu na ipi ngumu. Hayo muuza mbao atakwambia kabla hujamuuliza. Kinachonifurahisha mimi kimo ndani ya ukuta wa seli ya mti, seli iliyokufa zamani lakini bado ina kiu. Ukuta huo umejengwa kwa nyuzi za selulosi, nyembamba mno, karibu zote zimelala kufuata urefu wa shina. Kila uzi umejaa vishikizo vya oksijeni na hidrojeni ambako molekuli ya maji hunasa kwa urahisi. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, maji huingia katikati ya nyuzi, ikikauka, hutoka.

Wanaokumbuka daladala za mwanzo za Dar, zile chai maharage, wataelewa haraka. Abiria wamekaa kwenye benchi bega kwa bega. Konda anaita “sogeeni, sogeeni”, anapenyeza mmoja hapa, mwingine pale, na msururu unatanuka mpaka wa mwisho ananing’inia. Hakuna aliyeongezeka kimo. Waliotangulia kukaa ndio selulosi, wanaopenyezwa ndio maji, na kimo chao ndio urefu wa ubao. Ndiyo maana ubao wa mita 3 hauongezeki urefu wa kutajika, lakini upana wake hautulii. Sasa endelea kujaza. Mabenchi yakishiba, wanaofuata wanasimama katikati, wameinamisha shingo, na hao hawamsukumi mtu bega. Mti nao uko hivyo hivyo: maji yakifika kama asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, kuta zimeshiba, yanayozidi yanakaa kwenye uwazi wa seli, na ubao hauvimbi tena hata uutumbukize mto Pangani. Safari ya kurudi ni ile ile kinyumenyume. Waliosimama hushuka kwanza na benchi halilegei hata kidogo, kwa hiyo mbao mbichi hupoteza maji mengi bila kusinyaa, kisha, wakianza kuteremka waliokaa, ndipo nyufa zinaonekana. Na vanishi? Vanishi ni konda mnene aliyesimama mlangoni. Watu wanapita, ila polepole.

Ubao ukikaa mahali pamoja muda wa kutosha, wanaopanda na wanaoshuka hulingana. Ningeweza kuiita hali hiyo unyevu wa msawazo, ila jina linanukia maabara. Nauita unyevu wa mapatano, maana ubao na hewa vimepatana leo na kesho vinaweza kukosana. Kwa joto la nyuzi 27, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hupatana na ubao wenye maji asilimia 9 hivi. Hewa ya asilimia 80, ambayo pwani si ajabu, hupatana na karibu 16.

Msaji wako huenda ulikulia shamba la miti la Longuza, hapo Muheza, ukavuta hewa hii hii miaka yote. Tanuri la kukaushia halijali hilo. Tuseme limeutoa ukiwa na asilimia 9. Msaji, kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, husinyaa asilimia 5.8 kufuata mzunguko wa pete zake, lakini asilimia 2.5 tu kutoka kiini kuelekea gome. Ubao wa milimita 120 uliopasuliwa pete zikalala sambamba na uso wake, ukipanda kutoka asilimia 9 hadi 16, unatanuka milimita 1.6. Unaona ni kidogo? Chumba cha mita 3.6 kina mbao 30: karibu sentimita 5 zinazotafuta pa kwenda, na ukuta hausogei. Kwa hiyo unapochagua, acha kung’aa kwa uso, geuza ubao uangalie ncha. Pete zikisimama wima, mtanuko unapungua hata nusu.

Mgongo wa ubao ndio unaonisumbua zaidi. Wengi hupaka uso tu, na dari ya kwetu iko chini ya bati. Mchana bati linachemka, mgongo ulio mtupu unakauka kabla ya uso, unasinyaa, na ubao unabetuka kingo zikielekea juu. Usiku unyevu unarudi. Unapoagiza, uliza kama mgongo umepakwa. Kama haukupakwa, piga mkono mmoja wa vanishi kabla ya kupandisha. Ncha zinazokatwa na msumeno pale pale nyumbani zipakwe siku hiyo hiyo, kwani mirija ya mti imefunguka hapo na maji hupita kwa kasi mara kumi au zaidi kuliko ubavuni.

Wiki ya fundi ni makadirio. Chukua kipande cha kilo moja, kiweke juu ya mzani wa jikoni kila asubuhi. Kikitoka asilimia 9 kwenda 16 kitaongezeka gramu 64 hivi. Uzito ukiacha kupanda, mwite fundi. Mbao nyingine zipangwe kwa vijiti katikati ili hewa ipite.

Agiza asilimia 10 zaidi ya hesabu, zote za mkupuo mmoja, maana rangi ya mkupuo wa pili haitafanana. Misumari ipigwe kwenye ulimi peke yake. Ubao uliobanwa kingo zote mbili hupasuka katikati. Acha nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 kila ukuta, ukingo utaificha. Kusafisha ni kitambaa kilichokamuliwa vizuri, basi. Vanishi ya kiwandani mara nyingi hukaushwa kwa taa za urujuanimno na huwa ngumu na laini kiasi kwamba mkono mpya haushiki, kwa hiyo ukitaka kupaka tena miaka ijayo, anza na msasa mwembamba mpaka mng’ao upotee.