Bendera ya Mdachi na Mashamba ya Wakama

Mwaka 1899 Hispania, iliyokuwa imepokonywa Cuba, Puerto Rico na Ufilipino na Marekani mwaka uliotangulia, ilimuuzia Mdachi, yaani Mjerumani, visiwa vyake vya Carolina, Palau na Mariana kwa peseta milioni 25. Na hivyo dola kongwe ikafunga daftari lake la Bahari ya Pasifiki mbele ya dola changa, ambayo haikudhani kwamba bendera yake yenyewe, iliyokwisha kutwekwa Bukoba, haingepepea huko miaka 20 mingine.

Bendera hiyo aliitweka Emin Pasha, mzaliwa wa Silesia ambaye jina lake la asili ni Eduard Schnitzer, aliyewasili ufukoni mwa Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1890, miezi michache baada ya Mwingereza na Mdachi kugawana nchi za magharibi ya ziwa kwa mstari wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta, pasipo mkama, yaani mfalme wa Wahaya, hata mmoja kutakwa shauri. Emin hakukawia, alimwachia afisa wake Langheld kituo, akashika njia ya Kongo, na huko akauawa mwaka 1892.

Wageni walikuwa wachache mno, na nchi ilikuwa na wakama wenye husuma za tangu na tangu: Kiziba, Kyamtwara, Kianja, Karagwe, na Ihangiro ambayo leo imo wilayani Muleba. Kama vile Cortés alivyouangusha mji wa Waazteki mwaka 1521 kwa mikono ya maelfu ya watu wa Tlaxcala, mahasimu wao wa jadi, ndivyo Mdachi naye alivyomtafuta mwenye kisa na jirani yake. Kahigi wa Kianja aliitambua biashara hiyo mapema kuliko wenzake, akatoa utii, akalipwa kwa ardhi na taadhima. Na hata ilipofika 1906, Bukoba ilipowekwa chini ya Residenti aliyetawala kwa kupitia wakama, sidhani kama ilikuwa rahisi kutambua ni nani hasa aliyekuwa akimtumia mwenzake.

Kuanguka kwa Mdachi kulikuwa kwepesi. Tarehe 22 Juni 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliokuja kwa meli kutoka Kisumu walishuka karibu na mji, wakapigana siku mbili, wakaubomoa mnara wa simu ya upepo, wakapora, wakaondoka. Mwaka uliofuata wakarejea kukaa.

Hispania iliwaachia watu wa Amerika lugha na dini, maadamu ilikaa karne tatu. Mdachi alikaa robo karne tu, na lugha yake haisikiki Buhaya. Lakini chini ya kivuli chake nyarubanja, yaani mashamba ambayo wakama waliwagawia jamaa na wafuasi wao pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo, ilitanuka sana kwa kuwa kahawa, ambayo zamani Wahaya waliichemsha wakaitafuna na kula nayo kiapo cha udugu, ilikuwa imepata soko na bei. Mtwarwa, yaani mkazi wa shamba la namna hiyo, aliyeilima migomba na mibuni ya kibanja chake kwa jasho lake akajikuta akimlipa bwana wa shamba kodi, na Mwingereza, ambaye naye aliwahitaji wakama, aliona heri kuikadiria kodi hiyo kuliko kuing'oa. Uhuru ukaja 1961, wakama wakavuliwa mamlaka muda mfupi baadaye, ila mtwarwa wa Ihangiro na Kianja aliendelea kudaiwa mpaka Bunge lilipopitisha sheria ya kumkomboa, mwaka 1965.